Vita vya Ramadhani 1973: Walijua au Hawakujua?



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake.

Kila unapoingia mwezi mtukufu wa Ramadhani, waumini hukumbushana vita vya Badr, vilivyopiganwa tarehe 17 ya mwezi huo katika mwaka wa 2 Hijria. Ni wachache wanaokumbuka kwamba jina hilo la Badr lilipewa pia operesheni ya kijeshi katika zama zetu hizi. Siku ya Jumamosi, tarehe 10 Ramadhani 1393, sawa na 6 Oktoba 1973, saa nane mchana, majeshi ya Misri yalivuka Mfereji wa Suez, na wakati huo huo majeshi ya Syria yakashambulia Milima ya Golan. Waarabu huviita Vita vya Ramadhani, au Vita vya Oktoba. Waisraeli huviita Vita vya Yom Kippur, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa siku yao kubwa ya toba. Pande zote mbili zilikuwa na watu waliofunga.

Nchi mbili hizo za Kiarabu zilitaka kuzirejesha ardhi zao, Sinai na Golan, zilizotekwa na Israeli katika vita vya Juni 1967. Mapigano yaliendelea kwa takriban majuma matatu. Israeli ilipoteza zaidi ya askari 2,500, na kwa upande wa Waarabu waliofariki walikuwa maelfu mengi zaidi. Nasi wa Afrika Mashariki hatukusalimika na moshi wake. Tarehe 1 Novemba 1973 Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi na Israeli, kama zilivyofanya nchi nyingi za Afrika. Nchi za Kiarabu zikabana mafuta, na pipa lililokuwa likiuzwa kiasi cha dola 3 likafika karibu dola 12 mwanzoni mwa mwaka 1974, na uzito wake ukaingia mpaka katika nchi zisizokuwa na askari hata mmoja vitani.

Lakini makala hii haikusudii kusimulia mapigano. Inakusudia swali moja ambalo wanahistoria, majasusi, majaji na wazazi waliofiwa wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka 50: je, serikali ya Israeli ilijua kwamba vita vinakuja? Na kama ilijua, kwa nini ilishambuliwa kama mtu aliyelala? Ndugu msomaji, usidhani kuwa swali hili ni la wanajeshi peke yao. Mbele ya safari tutaliona likibisha hodi katika nyumba zetu wenyewe.

Dalili zilizoonekana

Tuanze na yaliyothibiti. Tarehe 25 Septemba 1973, siku 11 kabla ya vita, Mfalme Hussein wa Jordan alikwenda kwa siri karibu na Tel Aviv, akakutana na Waziri Mkuu wa Israeli, Bi Golda Meir. Alimweleza kwamba jeshi la Syria limekwisha kujipanga katika mkao wa kushambulia, na alipoulizwa kama Syria yaweza kuingia vitani bila ya Misri, akajibu kuwa anaona nchi mbili hizo zitashirikiana.

Siku zilizofuata, picha zilizopigwa kutoka angani zilionyesha vifaru, mizinga na vifaa vya kuvukia maji vikirundikana ukingoni mwa Mfereji wa Suez. Misri ilitangaza kuwa hayo ni mazoezi ya kawaida ya kila mwaka. Kisha, usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 5 Oktoba, ikadhihiri kwamba Umoja wa Kisovieti unawaondoa kwa haraka wake na watoto wa washauri wake walioko Misri na Syria. Ndege zilipelekwa kuwachukua, bila ya maelezo yoyote.

Mama yeyote anayesoma makala haya anafahamu maana ya dalili hiyo. Mtu hawaondoi wake na watoto usiku usiku ikiwa kinachokuja ni mazoezi. Golda Meir naye alifahamu hivyo. Katika kitabu alichoandika baada ya kuacha uongozi alieleza kwamba habari ile ya familia kuondolewa ilimtia wasiwasi, akawauliza wakuu wa jeshi, nao wakamtuliza. Akakiri kwamba alipaswa kuifuata sauti ya moyo wake na kuwaita askari wa akiba siku ile ile ya Ijumaa, na kwamba jambo hilo litamwandama maisha yake yote.

Dhana iliyofanywa yakini

Kwa nini wakuu wale walimtuliza? Hapa ndipo penye kiini cha mjadala wote.

Idara ya ujasusi wa kijeshi ya Israeli, iliyoongozwa na Jenerali Eli Zeira, ilikuwa na fikra iliyojengeka kwa miaka, ambayo Waisraeli waliipa jina la “dhana” kwa lugha yao. Fikra hiyo ilikuwa na nguzo mbili. Ya kwanza, Misri haitaingia vitani mpaka ipate ndege na makombora ya masafa marefu yatakayoweza kupiga ndani ya Israeli. Ya pili, Syria haitaingia vitani peke yake bila ya Misri. Kwa hivyo maadamu Misri haijapata silaha zile, hakuna vita.

Fikra hiyo haikuzuka hewani. Ilitokana na habari za kweli zilizopatikana kutoka ndani ya Misri kwenyewe. Lakini Rais Anwar Sadat, kuelekea mwisho wa mwaka 1972, alibadilisha msimamo wake. Aliamua kupigana kwa silaha alizonazo, kwa lengo dogo la kuvuka mfereji, kushika kipande cha ardhi ng’ambo, kisha kuilazimisha dunia ije mezani. Hali ilikuwa imebadilika, na dhana ikabaki pale pale.

Tena kulikuwa na jambo lililozidi kuwapumbaza. Mnamo Mei 1973 zilifika habari za vita. Mkuu wa majeshi, Jenerali David Elazar, akaliweka jeshi tayari kwa gharama kubwa, ilhali Zeira alishikilia kwamba vita havitakuwapo. Vita havikuwapo kweli. Zeira akaonekana ndiye mjuzi, na walioogopa wakaonekana waoga. Oktoba ilipofika, wengi waliona haya kuogopa mara ya pili.

Hata Ijumaa ile ya tarehe 5, siku moja kabla ya mashambulizi, tathmini iliyotolewa mbele ya viongozi ilikuwa kwamba uwezekano wa vita ni mdogo, tena mdogo mno. Jeshi la kudumu liliwekwa katika hali ya juu ya tahadhari, lakini askari wa akiba, ambao ndio wengi katika jeshi lile, hawakuitwa. Vilikuwapo pia vifaa maalumu vya kunasia mawasiliano ya Misri. Mkuu wa majeshi na waziri wa ulinzi walidhani kuwa vifaa hivyo vimewashwa na havisikii lolote la kutisha. Kumbe havikuwa vimewashwa inavyopasa, na kimya walichokitegemea kuwa ni dalili ya amani kilikuwa kimya cha chombo kilichozimwa.

Siri ya upande wa pili

Itakuwa dhulma kuwalaumu waliodanganyika bila ya kutaja ustadi wa waliowadanganya. Misri iliandaa hadaa ya kivita kwa utulivu wa ajabu. Ilitangazwa kwamba maafisa wa jeshi wanaotaka kwenda Umra wajiandikishe. Baadhi ya askari wa akiba waliruhusiwa kurudi makwao. Asubuhi ya siku yenyewe askari walionekana ukingoni mwa mfereji wakijiburudisha kana kwamba wako likizoni. Askari wa kawaida walio wengi hawakujua kwamba watavuka mpaka saa za mwisho.

Sadat naye alikuwa amekwisha kutishia vita mara nyingi bila ya kutekeleza, hata watu wakamdhihaki. Aliutaja mwaka 1971 kuwa ni mwaka wa uamuzi, ukapita bila ya uamuzi wowote. Julai 1972 akawafukuza maelfu ya washauri wa kijeshi wa Kisovieti, na walimwengu wakaona kwamba amejidhoofisha mwenyewe. Dharau ile ilimfaa kuliko kikosi kizima cha vifaru.

Usiku wa London

Jasusi aliyetoa onyo la mwisho alikuwa Mmisri mwenye cheo. Jina lake Ashraf Marwan, mkwe wa Rais Gamal Abdel Nasser, na baada ya kifo cha Nasser akawa karibu na Sadat. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Oktoba alikutana London na mkuu wa Mossad, Zvi Zamir, akamwambia kwamba vita vitaanza kesho yake, jua likizama. Zamir akapiga simu Israeli kabla ya alfajiri.

Asubuhi hiyo Golda Meir aliwakusanya watu wake. Elazar alitaka ndege zitangulie kushambulia na askari wa akiba waitwe wote. Waziri wa Ulinzi, Moshe Dayan, alipinga kutangulia kushambulia na akataka waitwe wachache. Meir aliamua askari waitwe kwa wingi, lakini Israeli isianze yeye, asije akaonekana mchokozi na kukosa msaada wa Marekani. Kisha vita vikaanza saa nane mchana, saa kadhaa kabla ya wakati uliotajwa. Katika maboma ya ukingoni mwa mfereji walikuwamo askari wasiozidi 500. Golan kulikuwa na vifaru 177 vya Israeli mbele ya vifaru vya Syria vilivyozidi 1,000.

Makundi matatu ya wabishanaji

Novemba 1973 iliundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Shimon Agranat. Ripoti yake ya awali ilitoka tarehe 1 Aprili 1974. Iliwabebesha lawama Elazar, Zeira na maafisa wengine wa jeshi, na ikawasafisha Meir na Dayan. Wananchi, hasa askari waliorudi kutoka vitani, hawakuridhika. Waliandamana, na tarehe 11 Aprili Golda Meir akajiuzulu. Tangu hapo wanaobishana wamegawika makundi matatu.

Kundi la kwanza lasema kwamba hawakujua kwa sababu walishikwa na dhana yao. Habari zilikuwapo, lakini kila iliyoingia ilipindwa mpaka ikalingana na walichokwisha kukiamini. Huu ndio msimamo ulio karibu na ule wa tume.

Kundi la pili lasema kwamba walihadaiwa. Zeira mwenyewe aliandika miaka ya baadaye kwamba Marwan alikuwa jasusi wa pande mbili, aliyetumwa na Misri kuwapa ukweli kidogo na kuwachelewesha. Zamir alilikataa hilo maisha yake yote, akisema kuwa Marwan alikuwa chanzo cha thamani kubwa na kwamba Zeira ndiye aliyelifichua jina lake. Mwaka 2007 jaji mstaafu aliyesuluhisha ugomvi huo aliamua kwamba Zeira kweli alilivujisha jina. Muda mfupi baadaye, tarehe 27 Juni 2007, Marwan alianguka kutoka roshani ya nyumba yake London akafa. Alizikwa kwao Misri kwa heshima, na Rais Hosni Mubarak akasema kwamba alikuwa mzalendo. Mwaka 2010 uchunguzi wa Uingereza ulimalizika bila ya kuamua kama alijirusha au alisukumwa. Nchi mbili zilizokuwa maadui, kila moja inamwita wake.

Kundi la tatu lasema kwamba viongozi walijua zaidi ya walivyosema. Hapa pana hoja nzito na pana uvumi. Hoja nzito ni kwamba mnamo Februari 1973 Sadat alimtuma mshauri wake, Hafez Ismail, kwa Henry Kissinger huko Marekani akiwa na mapendekezo ya amani, na Israeli haikuyakubali kwa kuwa yalitaka irejeshe ardhi yote ya Misri. Wanaoshika hoja hiyo husema kwamba aliyeifunga njia ya mazungumzo hakuwa na haki ya kushangaa alipoona mwenzake anashika njia ya silaha. Ama uvumi ni ule usemao kwamba vita vyote vilikuwa mchezo uliopangwa baina ya Sadat, Kissinger na Meir, na kwamba watu waliachwa wafe kwa makusudi. Uvumi huo umeenea katika nchi za Kiarabu na hata huku kwetu.

Tupime kwa mizani ya haki. Kwamba viongozi walipewa onyo ni jambo lililothibiti. Kwamba walilidharau, limethibiti pia. Lakini kwamba walikusudia watu wao wauawe, hilo halina ushahidi. Mtu aliyepanga kushambuliwa haachi maboma yake na watu wachache kisha akahangaika siku nzima kuwatafuta askari majumbani na misikitini mwa dini yao. Dini yetu haituruhusu kumzulia hata adui. Uadilifu tumeamrishwa tuutende hata kwa watu tunaowachukia.

Maafisa wawili vijana

Katika kisa kizima, wawili wananishughulisha kuliko marais na majenerali.

Wa kwanza ni Luteni Benjamin Siman-Tov, afisa kijana wa ujasusi katika kamandi ya kusini ya Israeli. Tarehe 1 na tarehe 3 Oktoba aliandika ripoti mbili. Alizikusanya dalili moja moja na kusema kwamba mazoezi ya Misri huenda yakawa pazia la vita vya kweli. Mkubwa wake hakuzipeleka mbele, kwa kuwa zilikhitalifiana na rai ya makao makuu. Ripoti zilijulikana baada ya vita, zilipofika mbele ya tume.

Wa pili ni Baki Zaki Yousef, mhandisi kijana katika jeshi la Misri, Mkristo wa Kikopti. Ng’ambo ya mfereji Waisraeli walikuwa wameinua ukuta mkubwa wa mchanga, na wataalamu walikadiria kwamba kuutoboa kwa baruti kungechukua muda mrefu na kugharimu roho nyingi. Yousef aliwahi kufanya kazi katika ujenzi wa Bwawa Kuu la Aswan, akaona jinsi maji ya pampu yanavyouondoa mchanga. Mnamo 1969 akawaambia wakubwa wake: tutumie maji ya mfereji wenyewe. Wazo hilo la kijana, tena wa dini nyingine na asiyekuwa na cheo kikubwa, lilisikilizwa, likajaribiwa, likapandishwa mpaka kwa Rais. Siku ya vita pampu ziliyeyusha ukuta ule kwa saa chache, na vifaru vikapita.

Jeshi moja lilimsikiliza mdogo wake, jingine likamnyamazisha. Sisemi kwamba hilo pekee ndilo lililoamua vita, kwani baadaye Israeli ilijizatiti, ikavuka mfereji upande wa pili na kulizingira Jeshi la Tatu la Misri. Lakini siku za mwanzo, zilizowaua wengi, zilikuwa na sura hiyo.

Waislamu si wageni wa jambo hili. Mwaka wa 5 Hijria, habari zilipofika Madina kwamba makabila yameungana kuja kuushambulia mji, Mtume (s.a.w.) hakuidharau habari. Alishauriana na maswahaba zake, na rai iliyofuatwa ilikuwa ya Salman al-Farisi, mgeni kutoka Uajemi: lichimbwe handaki. Mtume mwenyewe alichimba pamoja nao. Na siku ya Hudaybiya, maswahaba walipokuwa wazito wa huzuni, aliyempa rai njema alikuwa mkewe, Mama yetu Ummu Salama (r.a.), naye akaifuata.

Nusu karne baadaye

Miaka 50 na siku moja baada ya vita vile, tarehe 7 Oktoba 2023, Hamas walivuka mpaka wa Gaza, na swali lile lile likarudi. Vyombo vya habari vya Marekani na vya Israeli vilieleza kwamba mpango wa shambulizi ulikuwa umekwisha kunaswa zaidi ya mwaka mmoja kabla, ukachukuliwa kuwa ni ndoto tu. Wasichana askari waliokuwa wakitazama mpaka kwa kamera walitoa taarifa za mazoezi waliyoyaona, na taarifa zao hazikupewa uzito. Baadhi yao waliuawa siku hiyo. Waliouawa Israeli walikuwa kiasi cha 1,200, wengi wao raia, na dini yetu imeharamisha kumlenga asiyepigana. Kisha Gaza ikateketezwa, na makumi ya maelfu wakauawa, wakiwamo wanawake na watoto wengi mno ambao hawakuulizwa na yeyote kama walijua au hawakujua. Kila serikali inapoyafunga masikio yake, kaburi huchimbiwa mtu mwingine.

Habari ya Hudhud

Qur’ani Tukufu, katika Sura An-Naml, inatusimulia kuhusu ndege mdogo, Hudhud, aliyemjia Nabii Suleiman (a.s.) na habari za Malkia wa Sabaa, akieleza kuwa amefahamu jambo ambalo Nabii hakulifahamu. Tuitafakari hali hiyo: mfalme aliyepewa ufalme usio mfano, mbele yake ndege. Nabii Suleiman hakumkemea kwamba ni mdogo, wala hakuimeza habari yake mara moja. Alisema kwamba ataangalia kama ni mkweli au mwongo, kisha akampa barua aipeleke. Huko ndiko kuhakiki. Katika Sura hiyo hiyo, chungu aliwaonya wenzake waingie mashimoni wasije wakakanyagwa, na Nabii Suleiman akatabasamu kwa maneno yake.

Na katika Sura An-Nisaa, aya ya 83, Mwenyezi Mungu anawalaumu wale wanaoitangaza habari ya amani au ya hofu pindi inapowafikia, badala ya kuirudisha kwa Mtume na kwa wenye mamlaka wanaoweza kuichambua. Aya hiyo inatuwekea mambo mawili. Mwenye habari asiitangaze ovyo. Na mwenye mamlaka awe ni mtu anayeweza kurudishiwa habari, mwenye sikio na mwenye akili ya kuichambua. Katika Israeli ya 1973 habari zilirudishwa kwa wenye mamlaka. Waliozipokea ndio waliokuwa wamekwisha kuamua.

Vita vilivyomo majumbani mwetu

Sasa, ndugu zangu na dada zangu, turudi nyumbani.

Katika miji yetu ya pwani wapo vijana wanaopotea katika unga, wapo wanaovutwa na magenge ya mapanga, wapo wanaoshawishiwa kwa maneno ya kidini wasiyoyajua maana yake na kupelekwa wasikorudi. Aghalabu wa kwanza kuona ni mama. Huona mtoto amebadilisha marafiki, halali usiku, ana simu isiyojulikana alikoipata, hali na wenzake tena, vitu vidogo vidogo vinatoweka nyumbani. Huenda kwa baba akasema, “Baba fulani, hali ya kijana hainipendezi.” Na mara ngapi jawabu huwa, “Wewe una wasiwasi tu; huyo ni kijana, atakua”? Hiyo ndiyo tathmini ya uwezekano mdogo. Baba huyo ana dhana yake: mtoto wangu amesoma madrasa, ukoo wetu ni watu wa heshima, haya huwafika watoto wa wengine. Kila dalili huipinda ilingane na dhana hiyo. Na mama akikosea mara moja, hofu yake ikapita salama, basi mara ya pili hasikilizwi kabisa, kama ilivyokuwa baada ya Mei 1973.

Kisha siku ikifika, polisi wakabisha mlango au maiti ikaletwa, mtaa mzima hugeuka tume ya uchunguzi. “Haiwezekani mamake hakujua! Alikuwa akimficha!” Wanawake husema hivyo wao kwa wao matangani, na wanaume barazani, na maneno husambazwa katika makundi ya simu kabla ya jeneza kuondoka. Wengine hutegemea ile methali, lisemwalo lipo. Huu ni udhalimu. Mama huyo huenda alijua na akasema, asisikilizwe. Huenda aliona dalili kumi, tisa kati yake zikiwa ni za ujana wa kawaida.

Wamarekani nao walibishana hivyo hivyo kuhusu shambulizi la Japani huko Pearl Harbor, tarehe 7 Desemba 1941, lililowaua zaidi ya Wamarekani 2,400, wengine wakidai kwamba Rais Roosevelt alijua na akaacha makusudi. Mwaka 1962 mtafiti mwanamke, Roberta Wohlstetter, alionyesha katika kitabu chake kwamba dalili za kweli zilikuwapo, ila zilizama katika wingi wa dalili nyingine zisizo na maana. Baada ya tukio kila mtu huiona njia iliyonyooka. Kabla ya tukio huwa ni msitu.

Kwa hivyo tunahitaji adabu mbili, na kila moja ina wakati wake. Kabla ya msiba, tusikilizane. Baba na akae na mkewe, amwulize aliloliona, asimkatize. Kisha wamwendee kijana kwa upole, waulize kwa walimu wake na rafiki zake, kama Nabii Suleiman alivyohakiki habari ya Hudhud. Wakihitaji msaada, wamwendee imamu, mshauri au daktari mapema, wasiogope aibu. Aibu ya kuuliza hupita. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mtoto mdogo naye akileta habari kuhusu kakake, au kuhusu mtu mzima anayemgusa vibaya, asipigwe wala kunyamazishwa. Huenda akawa ndiye luteni wa nyumba.

Na baada ya msiba, tuchunge ndimi zetu. Sura Al-Hujurat inatuamrisha kuihakiki habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta, na inatukataza wingi wa dhana. Kuuliza ni haki: serikali na iulizwe, jeshi na liulizwe, wazee wa mtaa nasi tuulizwe tulikuwa wapi. Lakini kumhukumu mtu kwamba alikusudia, hali huna ushahidi, ni kubeba mzigo ambao siku ya Kiyama hutapata wa kukusaidia kuubeba.

Ewe Mola wetu, tupe masikio yenye kusikia nasaha kutoka kwa mkubwa na mdogo, mume na mke. Tuonyeshe haki kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata, na utuonyeshe batili kuwa ni batili na uturuzuku kuiepuka. Wahifadhi watoto wetu na fitina zilizo dhahiri na zilizofichika, na uwape subira mama wote waliofiwa, popote walipo. Amin.

Wabillahi tawfiq.